Gizani, Jikoni

Baba yangu hakusikia adhana hata moja maishani mwake.
Fundi viatu, mtaa wa chini, Travnik,
pale mto unapopita kwa kelele
asizozijua.
Wakati wa swala aliusoma kwa majirani:
Mzee Hilmija akikunja gazeti, adhuhuri;
taa za mnara zikiwaka, magharibi.

Lugha yake ilikaa vidoleni.
Mkate, theluji, deni, mama anakuita,
vyote vilitoka kwenye vidole vile
vyenye gundi na makovu ya sindano.
Bibi Shefika alimhurumia.
Yeye dua zake zilikuwa za Kiarabu kilichonyooka,
na neno likiteleza, huanza upya.
Kila usiku aliomba mara mbili:
fungu lake, na fungu la kiziwi wake,
asije mtoto akafika kwa Mola mikono mitupu.

Nilikuwa na miaka saba. Juu, kwa wanawake,
nikachungulia kati ya mbao.
Imamu kainua mikono, safu nzima imeinua,
na baba kainua,
viganja vimetulia, havisemi kitu.
Nikaogopa.
Wenzake midomo inatembea.
Yeye, mikono ikinyamaza,
anaomba kwa nini?

Nikamwuliza njiani,
theluji ikilia chini ya viatu alivyonishonea:
Baba, umemwambia nini?
Akavua glavu, na baridi ile ya kukata masikio.
Sijamwambia, akasema.
Mikono hii inashinda ikibishana bei,
inagombana na ngozi ngumu.
Kwake naileta ipumzike.

Akavaa glavu.
Hatua kumi, akazivua tena.
Ila ulipougua mapafu, nilisema.
Usiku, jikoni, taa nimeizima
mama yako asiamke.
Nilisema mpaka mabega yakauma.

Gizani? Nani angeona?

Akacheka, ule mcheko wake usio na mpaka
uliowageuza watu barabarani,
akanivuta kofia hadi puani.

Nilipona. Duka halikupona.
Aliliombea nalo, najua,
nililiona kosi lake likiinama mbele ya rafu tupu
mwaka viatu vya kiwandani vilipoingia.
Sikumwuliza kuhusu hilo.

Sasa ni Februari, wodi ya ghorofa ya tatu.
Vidole vimekauka kama ncha za kamba,
mkono mmoja una dripu.
Ananiambia neno, silipati.
Analirudia, nusu yake inaanguka kwenye shuka.
Muuguzi anauliza anataka maji?
Sijui. Mimi, mwanawe,
niliyesema kwa vidole kabla ya ulimi, sijui.

Nikanyoosha mkono, nikazima taa.

Ndani ya giza nikasikia shuka likichakarika,
likichakarika muda mrefu,
kisha kimya.
Nikaitafuta mikono yake,
nikaipangusia uso wake, kisha wangu,
nikasema amina
kwa nisichokijua.