Kumbukumbu za Kikao, Mtaa wa Tamarack

Mimi ndiye katibu. Naandika kwa penseli
kwa sababu watu wa mtaa huu hufuta maneno yao.

Ukumbi uko chini ya kanisa la Kilutheri:
viti vya chuma, birika la kahawa lenye kutu shingoni,
nje theluji ya Machi imegeuka tope la kijivu.
Duluth, saa moja jioni, watu kumi na tisa
na askari mmoja, Afande Lindqvist,
aliyevua kofia akaipakata kama paka.

Akasema: Nina gari moja. Nina saa nne kwa wiki
za mtaa wenu. Niambieni niziweke wapi.

Bernadine Halvorsen, nyumba namba 412,
alisimama na kola ya mbwa. Kola tu.
"Leo mbwa," alisema. "Shule iko hatua sitini."
Watu wakaguna. Nikaandika: mwendo kasi.

Orrin Pelkey hakusimama. Bandani mwake
walibeba msumeno, jenereta,
na fimbo za kuvulia barafuni za marehemu babake.
Alipiga simu saa mbili usiku,
wakafika asubuhi, anapaka mkate siagi.
"Mnapima magari. Wezi anawapima nani?"
Nikaandika: wizi.

Kisha yule kijana wa ghorofani, Marquis Tolliver,
ambaye hatujawahi kumsikia kikaoni,
akasema amesimamishwa mara saba tangu Septemba
kwa sababu ya taa ya nyuma, na taa ni nzima.
"Mkiomba askari barabarani,
mniombee na mimi."

Hakuna aliyeguna. Birika lilichemka peke yake.
Sikuandika. Penseli ilikuwa mkononi.

Kura yangu niliipa mwendo kasi, mkono juu kabisa.
Mshika mbili, nikasema, moja humponyoka;
tushike moja, tuishike sawasawa.
Wakanipigia makofi.
Nilikuwa na sauti ya mtu asiyedaiwa.

Wiki tatu baadaye, Alhamisi, niko dukani napima misumari,
simu ikatetemeka mfukoni:
mlango wa nyuma uko wazi.
Nyumba ile haina mtu mchana tangu Ingrid azikwe.
Niliendesha. Sikuona kibao, sikuona kona.
Na pale shuleni, ubavuni mwa msonobari,
taa za buluu zikawaka mgongoni mwangu.

Lindqvist. Mahali nilipomwomba akae,
saa niliyomchagulia mwenyewe.
Mkuki kwa nguruwe.
Nguruwe nikateremsha kioo.

Nikasema: Naibiwa. Sasa hivi.
Akasema: Namtuma mwenzangu. Maili arobaini na nane
kwenye ishirini. Leseni.
Aliandika polepole, herufi kubwa,
kama anayejifunza.
Kwenye kioo cha pembeni nikaona mtoto wa buti za njano
anavuka, anaburura kigari cha theluji
juu ya lami isiyo na theluji,
kinakwaruza, kinakwaruza,
palepale nilipopita mimi
dakika haijaisha.

Nilipofika, mlango ulikuwa unachezewa na upepo.
Cherehani ya Ingrid haipo.
Uzi wameuacha, mwekundu,
umefumuka kutoka chumbani hadi ngazini.
Mwenzake alikuja baada ya saa nne. Mpole sana.
Aliuliza namba ya cherehani.
Nani anajua namba ya cherehani?

Kikao cha Mei. Kofia gotini.
Tuambie, katibu, wakasema,
wewe uliyeonja kote kuwili.
Pelkey alikuwa ananitazama. Bernadine pia.

Nilifungua daftari, nikarudi nyuma hadi Machi,
na kwa kalamu ya wino, safari hii,
nikaandika jina la Tolliver
na maneno: mara saba.
Nikayasoma kwa sauti.

Kule nyuma, karibu na mlango, kijana akainua mkono.
"Kumi," akasema. "Sasa ni kumi."

Nikakata saba.