Mkunjo

Sikufundishwa kuchotewa maji.
Nilifundishwa kuchota.

Miaka thelathini na moja nilifua shuka za hoteli,
shuka za watu walioamka saa nne
wakaacha mchanga kitandani na mafuta ya jua kwenye mito.
Na kila Jumamosi, vidole vingali vimekunjamana kwa sabuni,
niliwasha pasi kwa makaa ya vifuu
nikainyoosha nguo ya meza ya Bwana
hata nzi angeteleza.
Mkunjo mmoja tu, katikati,
umenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Sikulipwa. Nilijilipa mwenyewe, kwa siri.
Nilikuwa na daftari la kurasa tisini na sita:
Mama Tsofa, unga kilo mbili.
Mzee Mwaringa, nimemkesha hospitali siku tatu.
Choo cha kanisa, mara saba,
wenzangu wamekaa wakifanya mazoezi ya kwaya.
Niliita kumbukumbu.
Kilikuwa kitabu cha madeni,
na mdaiwa nilimjua, yuko mbinguni.

Kisha Aprili, Sabaki imefurika,
bahari yote ya Malindi imekuwa chai ya maziwa,
mkono wa kulia ukanikataa.
Nilikuwa nimeshika kikombe.
Kikombe kilitangulia chini.

Aliyekuja ni Nyevu.
Nyevu wa Barani, binti wa Jumwa,
ambaye mimi, mbele ya kwaya nzima,
niliwahi kumwambia kwamba leso haifichi tumbo.
Alikuja na ndoo mbili,
na lile tumbo sasa lina miaka miwili, liko mgongoni, linanyonya kidole.
"Mama, geuka nikusugue."
Nikasema maji ni ghali, mfereji umekauka wiki nzima.
Nikasema nitaoga kesho.
Nikasema yote isipokuwa lile moja.

Sasa najua kwa nini Petro alirudisha miguu nyuma.
Tuliambiwa ni unyenyekevu.
Mimi nasema alikuwa na magaga
na hakutaka yaonekane.

Aliniosha. Vidole, kisha katikati ya vidole,
kisha mkono ule uliokufa, ameushika
kama mtu aliyebeba kuku aliyelala.
Mtoto alipiga povu makofi.
Juu ya ua, Bi Muze akanipitishia bakuli la uji wa mchele,
moto, una hiliki,
na yeye mwenyewe amefunga, Ramadhani ya ishirini na mbili.

Asante ni neno dogo.
Watoto hulisema na pipi mdomoni.
Mimi lilinikaa kooni kama mwiba wa changu
tangu Jumatatu hadi Alhamisi,
na lilipotoka lilitoka upande, kama mdomo wangu.
Nyevu akacheka.
Nami nikacheka, upande.

Jana walinipakia tuktuk wakanipeleka kanisani.
Nguo ya meza ameipiga pasi yeye.
Niliona kutoka kiti cha nyuma kabisa:
mkunjo umepinda,
umekwenda kushoto kama mtu anayetoka mangweni,
na pembeni pameungua, doa la hudhurungi, ukubwa wa ukucha.
Mkono wangu wa kushoto, ule mzima,
ukaanza kutafuta daftari.

Wakaweka mkate juu yake.
Ukakaa.