Koo Moja, Wafalme Ishirini na Saba

Hapa Kirumba, nyuma ya mashine ya kusaga ya kina Bugumba,
mimi ndiye wafalme wote wa Joseon.
Ishirini na saba, miaka mia tano na ushee,
wanapita katika koo hili moja
linalokohoa vumbi la pumba.
Mwisho wao naujua, ila mabenchi bado sijayaambia:
muhuri mezani, wageni wenye bunduki, nchi ikaenda.

Malkia namsemea kwa kubana pua.
Towashi namsemea kama karani wa ardhi,
anajua faili lako lilipo, hasemi.
Na yule aliyewatungia watu wake herufi
ili hata mlima vitunguu alalamike kwa maandishi,
huyo akitokea namwamkia, "Mwangaluka, ntemi!"
na kibanda kizima kinaitikia.

Kiingilio mia tano. Mtoto akikaa chini, mia mbili.

Kuna mmoja alianguka farasini akiwinda.
Akainuka, akatazama kushoto na kulia,
neno lake la kwanza: "Mwandishi asijue."
Mwandishi akaandika kwamba ameanguka.
Akaandika pia kwamba amesema asijue.
Hapo huwa sitii chumvi.

Jumatano tulifika kwenye kasha.

Nilimwona mlangoni, umeme haujatulia:
baba, Ndalahwa, mpima samaki wa Mwaloni,
magamba ya sato yamekaukia kwenye shati.
Hatujasalimiana tangu niuze mashine ya boti
nikanunua spika hizi.
Alilipa mia tano yake kama mtu yeyote.
Akakaa nyuma, kofia mapajani.

Kwenye kioo mfalme mzee anamwita mwanawe uani.
Kasha la mpunga limewekwa juani.
Ingia, anasema. Yaani nasema mimi.
Baba, nitajirekebisha, anasema mwana.
Na huyo pia ni mimi.

Siku nane za joto.
Utani nilikuwa nao, nimeuandaa tangu asubuhi,
kwamba humo ndani hamna hata pa kuchajia simu.
Haukutoka.
Sauti ya mzee na ya kijana zikaanza kufanana,
nikavuta moja ikaja nyingine,
mpaka Nyanjige wa dagaa akauliza gizani:
"Sasa hapo nani anaomba?"

Kifuniko kikafunguliwa.
Mfalme akampa marehemu jina jipya,
maana yake kuwaza kwa majonzi.
Jina! Wakati alikuwa akiomba maji.

Watu walitoka wakinung'unika,
mmoja akidai nusu ya hela yake kwa sababu ya huzuni.
Baba akabaki, anapanga mabenchi bila kuombwa,
anayabebanisha kama kreti.
"Ungemfungulia," akasema.
"Baba, iliandikwa hivyo."
"Kikorea chao nani hapa anakijua? Msemaji si wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilizungusha waya mkononi,
nikaufungua, nikauzungusha tena.
Upepo wa ziwa ukaingia na harufu ya furu wa kuanikwa.

Mlangoni alijikwaa kwenye kebo ya spika,
akaparamia ukuta, kofia ikaanguka.
Akaiokota. Akatazama kushoto, na kulia.
"Mama yako asijue nilikuja."

Sijamwambia.