Cha Chini Ndicho Kinachosema

Nilikifungua Jumamosi, umeme ulipokatika Kamalondo,
tochi ndogo nimeing'ata kwa meno.
Skrubu kumi na moja. Ya kumi na mbili haikuwepo;
kuna mtu alinitangulia humu.

Kinanda chenyewe chabebeka kwapani:
vitufe thelathini na saba, sauti moja.
Ukibonyeza viwili, cha chini ndicho kinachosema,
cha juu kinasubiri, kama mgeni
aliyekuta wenye nyumba wanagombana.

Masengo alikipata kwa Mgiriki
aliyefunga duka akaondoka na funguo.
Babu zake, aliniambia, walikuwa makabati,
ukuta mzima wa swichi,
nyaya zikining'inia kama matumbo ya mbuzi.
Kisha mhandisi mmoja, huko mbali, akaanza kupunguza.
Akatoa nyaya. Akatoa kabati.
Vitetemeshi vitatu vikawa viwili, viwili kikawa kimoja.
Wenzake wakasema anaharibu.
Akakataa hiki, akakataa kile,
hata kilichobaki kikaenea katika sanduku la safari.

Chini ya bodi ya saketi, mwandiko wa penseli:
nambari, imefutwa,
halafu nambari ile ile.

Na pembeni transista mbili
zimegandishwa kwa gundi, mgongo kwa mgongo,
ili joto la moja liwe joto la mwenziwe,
zisipoteane asubuhi ya baridi.

Nikazima tochi.
Mimi ni Kabange.
Kyungu alinitangulia kutoka tumboni,
akanitangulia tena, Kolwezi, shimoni, mwezi wa mvua.

Gundi ilikuwa imepasuka.
Ndiyo maana kila Juni kinanda kinaikimbia kwaya,
na Masengo analaumu waimbaji.
Nikapangusa, nikapaka mpya, nikazibana kwa kibanio cha nguo
nikaketi gizani nikihesabu mpaka zishikane.
Waya niliotumia una maandishi ya Kichina;
shaba yake, nani ajuaye,
labda inalikumbuka dohani letu.

Saa nane usiku umeme ukarudi.
Friji ya jirani ikakohoa.
Nikabonyeza vitufe viwili.
Cha chini kikasema, kirefu, kizito,
madirisha yakaitika.
Nikakiachilia.
Cha juu, ambacho muda wote kilikuwa chini ya kidole changu,
kikaanza papo hapo, bila kuvuta pumzi.

Masengo alilipa Jumatatu.
Gundi sikumhesabia.