Nakala Yenye Penseli

Wenzangu wa Alhamisi,
mliouliza tusome nini masika haya,
nawajibu kwa mpangilio wangu mbovu.

Anzeni na kile chembamba, cha mwanamke na kijiko.
Yuko kambini. Vita vya nani, hasemi.
Miezi saba anakinoa kijiko sakafuni
nawe msomaji unangoja amchome mtu.
Hamchomi mtu. Anakatia mkate,
vipande kumi na kimoja, sawasawa,
na makombo ndiyo fungu lake.
Nilikisomea kwenye foleni pale KCMC,
nikaitwa jina mara tatu, sikusikia.

Cha pili ni kinene kama tofali.
Askari anatembea siku arobaini na kiatu kimoja.
Kurasa mia za mwanzo ni matope. Matope tu.
Aikande alikirudisha alipofika ya sitini, akasema,
"Dada, matope ninayo kwangu Pasua, ya bure."
Haki yake. Lakini asiyeyavuka
halifikii lile daraja,
wala yule adui aliyeketi darajani
akiwa na kiatu cha pili.
Nimekwisha sema mengi.

Cha yule jenerali msiniulize.
Alipigana kwa miwani na ramani,
hata njaa yake imepigwa pasi.

Cha tatu. Hapa nasita.

Ni cha gereza, miaka tisa. Jalada lilin'goka,
nikaligandisha kwa gundi ya fundi viatu.
Mnamkumbuka Elinami, wa kiti cha mlangoni,
aliyetaka mlango uwe wazi
hata Julai, baridi ikiteremka mlimani
na sisi tumejifunga khanga mpaka masikioni?
Tulimtania: Mzee wa Upepo.
Alikiazima Machi. Akakirudisha Agosti
kimefungwa kwa gazeti, kama nyama.

Pembeni mwa kurasa, penseli.

Ukurasa wa kumi na mbili:
*Siyo. Funguo hazilii hivi. Unazisikia kwa meno.*
Wa thelathini na moja:
*Uji ulikuwa mwepesi kuliko huu.*
Wa hamsini na saba: *Hapa kasema kweli.*
Wa themanini na nane, pale mfungwa anapoota maua:
*Hakuna anayeota maua. Unaota umechelewa kazini.*
Na mia na arobaini,
mfungwa anapomsamehe mlinzi wake,
hakuna neno. Penseli imekandamizwa
mpaka karatasi imetoboka.

Miaka sita tumekunywa naye chai ya tangawizi
tukibishana ujasiri ni nini,
yeye akitupitishia sukari.
Siku moja nikaonyesha viatu vyangu vipya, vya Karanga,
nikavisifu: ngozi halisi, wanashona wafungwa.
Akainama, akapitisha kidole kwenye mshono.
"Huyu alikuwa amebakiza siku chache," akasema.
"Ana haraka."
Tukacheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Juzi kaja mteja kutoka Arusha, anataka nakala safi.
Nikamuuzia safi.
Hii siuzi. Naiazimisha:
siku kumi na nne, mikono mikavu, msikunje kona.
Msiisome kwa kufuata chapa. Chapa ni ya mtu
aliyekumbuka vizuri akiwa ameshiba.
Someni pembeni kwanza,
halafu rudini katikati, taratibu,
kama mnaoingia nyumba ya watu gizani.

Sasa yuko Rombo, kwa dada yake. Simu hana.
Sikupata kumuuliza lolote,
na nisingejua nianzie wapi.

Lakini ukurasa wa mwisho, chini ya neno MWISHO,
kwa herufi ndogo, zilizofutwa na kuandikwa tena,
ameuliza:
*Kuna kingine?*

Natafuta tangu Agosti. Nimepekua Kiboriloni,
nimepekua maboksi ya marehemu na ya waliohama.
Mmoja wenu akikipata kabla yangu
asingoje Alhamisi.
Basi la Tarakea huondoka saa nne.