Mtoto wa Jicho

Niliipenda sana ile rangi.
Kijivu cha mawingu ya Julai juu ya Ngara,
herufi nyembamba kama nywele za kitoto kichanga,
na picha kubwa ya jicho, la buluu,
jicho ambalo hakuna mgonjwa wa kliniki ile aliye nalo.

Daktari Ndolo akalipa nusu ya kwanza.
"Tovuti safi," alisema. "Ya kisasa."
Nikapanda ghorofani kwangu Pangani nikipiga mbinja,
nikaandika sentensi ya kufungulia:
*Karibu katika safari ya maono yako.*
Nikaisoma kwa sauti.
Nikajipa hongera.

Jumanne, kwenye benchi la kusubiri,
nikamwomba mama mmoja aifungue kwa simu yake.
Nyaboke, muuza omena wa Kariobangi,
kioo kimepasuka pembeni kama utando wa buibui,
bando la shilingi ishirini,
miwani imefungwa sikioni kwa uzi mweusi.

Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Jicho la buluu likashuka polepole, kope kwanza,
likitafuna bando lake kimyakimya kama mchwa.
Akaisogeza simu mbali. Akaisogeza karibu.
Akaiinamisha kulikwepa jua la saa sita.
"Mwanangu, hapa pameandikwa kitu
au ni vumbi?"
Akashika pembe ya leso
akazifuta herufi zangu.

Nilitaka kumwambia huo ni usanifu.
Ulimi ukanata.
Yeye alikuwa na lake:
mtoto wa jicho, kumtoa ni pesa ngapi?
Na Alhamisi mko? Maana Jumatano ni siku ya soko.
Na nikishuka Ngara nipite wapi,
mimi ambaye vibao nimeacha kuviona tangu mwaka juzi?

Majibu yote yalikuwepo.
Ukurasa wa nne, chini kabisa,
chini ya neno *Suluhisho*.

Usiku ule stima zilipotea mtaa mzima,
nikabaki na betri na aibu.
Nikaanza kufuta.
*Safari* ikaenda. *Maono* yakafuata.
*Huduma bora zinazomlenga mteja*:
hiyo niliizunguka hadi saa nane za usiku,
kwa sababu ilikuwa na mdundo,
na kwa sababu nilikuwa sijamwona mteja huyo
mpaka alipofuta kioo mbele yangu.
Jicho la buluu nikalitoa.
Upasuaji wangu wa kwanza.

Kisha nikaandika, nyeusi tititi juu ya nyeupe pepepe,
herufi nene zinazosimama kwa miguu yake:

*Kutoa mtoto wa jicho: elfu kumi na nane.
Waweza kulipa kidogo kidogo.
Alhamisi tuko, saa mbili asubuhi hadi saa kumi.
Ukishuka, fuata nyundo za mafundi viatu.
Zikiwa kushoto kwako, umefika.
Mlango wa kijani. Mlinzi ni Lokwawi.
Mwambie huoni vizuri, atakushika mkono.*

"Mbona inafanana na tangazo la ukutani?"
Daktari aliuliza. Nikatazama viatu vyangu.
Nusu ya pili ya pesa ilikuja Oktoba.

Nyaboke alikuja mapema zaidi,
jicho moja limefunikwa pamba,
la pili linanitazama kama hakimu.
"Wewe ni mwongo," alinianza hapo hapo mlangoni.
"Kijani kiko wapi?"
Nikageuka. Fundi rangi alikuwa amepita Jumatatu.
Mlango ulikuwa wa buluu.

Nikaitoa simu nikarekebisha papo hapo,
nimeegemea ukuta, rangi ikinishika begani,
naye amesubiri, mkono kiunoni.
Nilipomaliza aliifungua yake,
kidole kikitembea chini ya kila neno,
akafika kwenye *buluu*, akalitamka mara mbili,
ya pili kwa nguvu, barabara nzima isikie.

"Haya. Sasa andika na ngazi," akasema.
"Ziko tatu.
Ya katikati imevunjika."