Jumapili ya Pili ya Mei

Keki thelathini na moja tangu alfajiri, Kijitonyama,
zote kwa mkono huu: *Mama, nakupenda*.
Tajiri yangu asema sikukuu hii ilianzia ng'ambo,
kwa binti aliyefiwa na mamaye.
Akagawa maua meupe kanisani;
wauza maua walipopandisha bei
akahangaika kutaka ifutwe.
Mwenyewe hakuzaa.

Namuwaza, krimu ikinikauka vidoleni.

Mama yangu, Siwema binti Mfaume wa Vingunguti,
haijui tarehe hii.
Anajua ya kikoba, na umeme wa luku unapokata.

Jioni nampelekea ile niliyoikosea:
*Mam, nakupenda*.
Avaa miwani, aisoma mara mbili,
acheka hadi kanga yamdondoka:

"Hiyo *a* umeila wewe.
Tangu unanyonya hukujua kusubiri."